Oili ya Giaboksi Iliyoungua

Maneno mtakayoyasikia yamepigwa chapa katika karatasi mliyo nayo. Fuateni kwa kidole, mstari kwa mstari. Ukipitwa na neno, usihangaike. Somo likiisha utalisoma tena polepole.

Leo tutasoma habari za oili ya giaboksi katika motokaa ya zamani iliyokwenda safari nyingi. Labda utasema, "Mimi sina motokaa, somo hili lanifaa nini?" Lakini huenda wewe ni dereva wa motokaa ya mtu mwingine, au mkono wa fundi, au mwanao anaendesha teksi. Tena somo hili ni la kusoma herufi chache, na mtu asiyezijua herufi hizo aweza kuharibu kwa saa moja mali iliyonunuliwa kwa akiba ya miaka mingi.

DEREVA MMOJA

Tumfikirie dereva mmoja wa teksi. Motokaa si yake. Kila jioni humpelekea mwenyewe hesabu, na kinachobaki ndicho cha nyumbani kwake: unga, mboga, madaftari ya watoto. Motokaa ilitumika Japani miaka mingi kabla ya kuletwa kwetu, na saa ya mwendo inaonyesha kilomita 280,000. Giaboksi yake ni ya otomatiki, yaani hujibadilishia gia yenyewe.

Siku moja alipakia abiria wanne na mifuko ya sukari, akapanda mlima kutoka Mombo kwenda Lushoto. Njia ile ina kona nyingi na mpando mkali. Alipofika juu alisikia harufu ya kitu kinachoungua. Alifungua boneti, hakuona moto wala moshi. Kesho yake asubuhi alitia gia ya kwenda mbele, motokaa ikakawia kidogo ndipo ikaondoka.

Alikwenda kwa mafundi. Wa kwanza alimwambia, "Oili imeungua. Imwage yote leo, utie mpya." Wa pili akasema, "Usiiguse! Oili hiyo ya zamani ndiyo inayoishikilia giaboksi. Ukiibadilisha, motokaa haitaondoka hapa." Mtu wa tatu alikuwa na chupa ndogo mkononi, akasema ana dawa ya kuponya yote. Dereva alirudi nyumbani na mashauri matatu, asijue lipi la kufuata. Alishindwa kuchagua kwa sababu hakujua oili ile hufanya kazi gani. Basi tuijue kwanza.

KAZI YA OILI

Giaboksi za otomatiki si jambo la jana. Kampuni ya General Motors ya Marekani ilitoa giaboksi iitwayo Hydra-Matic katika motokaa za Oldsmobile za mwaka 1940. Tangu siku hizo zimebadilika sana, lakini kazi ya oili ndani yake ni ile ile. Kazi zake ni nne.

Kazi ya kwanza ni kupeleka nguvu ya injini. Twaa feni mbili, uzielekeze uso kwa uso. Washa moja tu. Upepo wake utaizungusha ya pili, ingawa hazikugusana. Ndani ya giaboksi ya otomatiki kuna chombo ambacho mafundi hukiita tokikonveta, nacho hufanya kazi kama feni hizo mbili. Badala ya upepo kuna oili. Injini huzungusha upande mmoja, oili hurushwa upande wa pili, nao huzunguka.

Kazi ya pili ni kusukuma. Ndani ya giaboksi mna sahani nyembamba za klachi, zimepangwa kama sahani kabatini. Pampu huisukuma oili kwa nguvu, nayo huzibana sahani hizo zishikane. Zikishikana sawasawa, gia imeingia. Zikibanwa kwa nguvu kidogo, huteleza, na kuteleza huleta moto.

Kazi ya tatu ni kulainisha vyuma visisagane.

Kazi ya nne ni kuchukua joto. Oili hutoka giaboksi ikiwa na moto, hupita katika bomba mpaka kwenye rejeta, hupoa, na kurudi.

Basi umeona ya kuwa katika giaboksi ya namna hii oili ni zaidi ya kilainishi. Ndiyo mkono unaotia gia. Oili ikiharibika, mkono umelegea.

KWA NINI OILI HUUNGUA

Mama anayekaanga maandazi anajua jambo hili kuliko wengi wetu. Mafuta mapya ni meupe na mepesi. Akikaangia siku ya pili na ya tatu, hugeuka rangi, huwa mazito, na hunuka. Moto ndio ulioyabadili.

Oili ya giaboksi ni vivyo hivyo. Kwa kawaida hufanya kazi katika joto la nyuzi 80 hadi 95 hivi za Selsiasi. Ikizidi hapo huchakaa upesi. Mafundi wana kanuni ya kukadiria: kila joto linapoongezeka kwa nyuzi 10, uharibifu huenda kasi mara mbili. Kwa hiyo mpando mmoja mrefu wenye mzigo mzito waweza kuichakaza oili kuliko siku nyingi za kwenda tambarare.

Joto huzidi kwa sababu hizi:

1. Oili imepungua kwa kuvuja.
2. Rejeta imeziba kwa matope au kutu.
3. Motokaa imepakiwa kupita kiasi, hasa mlimani.
4. Imekwama matopeni, na dereva anazidi kukanyaga mafuta magurudumu yakizunguka bure.
5. Dereva huishikilia motokaa kilimani kwa kukanyaga mafuta badala ya kukanyaga breki.
6. Oili haikubadilishwa miaka mingi.

Sahani za klachi zikiteleza hutoa vumbi jeusi, nalo huchanganyika na oili. Hapo ndipo rangi na harufu hubadilika.

JINSI YA KUPIMA

Motokaa nyingi za zamani zina kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, mbali na kile cha injini. Angalia sana usivichanganye. Fanya hivi:

1. Endesha motokaa dakika 15 au 20 ili oili ipate moto.
2. Simama mahali tambarare. Vuta hendibreki, ukanyage na breki ya mguu.
3. Injini ikiwa inaunguruma, peleka mkono wa gia polepole katika kila herufi, kisha urudishe kwenye P.
4. Chomoa kijiti. Kifute kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi. Kirudishe mpaka mwisho, ukichomoe tena.
5. Tazama oili imefika wapi.

Hapa ndipo kusoma kunapofaa. Katika kijiti cha motokaa nyingi za Toyota zimeandikwa alama mbili. Moja ni COOL, maana yake baridi. Ya pili ni HOT, maana yake moto. Kwa kuwa umepima oili ikiwa na moto, oili iwe kati ya mistari ya HOT. Asiyejua kusoma hutazama mstari wowote, akaongeza oili isiyotakiwa. Oili ikizidi nayo ni hasara, maana hupigwa na vyuma ikafanya povu, na povu halisukumi vizuri.

Lakini si motokaa zote zipimwazo namna moja. Motokaa nyingi za Honda hupimwa baada ya kuzima injini. Nyingine hazina kijiti kabisa; hizo hupimwa na fundi kwa kufungua kizibo chini ya giaboksi. Soma kitabu cha motokaa yako, au tafuta mtu akusomee.

Sasa dondoshea tone moja la oili juu ya karatasi nyeupe. Litazame, kisha linuse.

Nyekundu safi: oili ni nzima.

Nyekundu iliyoingia ukahawia: imezeeka, wakati wa kubadilisha umekaribia.

Kahawia nzito au nyeusi, yenye harufu kama chapati iliyoungua: imeungua.

Rangi ya waridi yenye weupe, kama maziwa: maji ya rejeta yameingia. Usiiendeshe tena motokaa hiyo. Ivutwe mpaka kwa fundi.

Lakini rangi peke yake si shahidi wa kutosha. Ziko oili ambazo tangu kiwandani si nyekundu. Basi ulize pua yako, na ulize mwendo wa motokaa: Je, gia huingia kwa wakati? Je, injini hupiga kelele na motokaa haiongezi mwendo? Je, hushtuka au hutetemeka gia inapobadilika?

FUNDI YUPI ALISEMA KWELI?

Sasa tuwarudie wale mafundi. Yule aliyesema "Usiiguse" hakusema bure. Ameona kwa macho yake motokaa iliyobadilishwa oili, na baada ya siku chache ikafa giaboksi. Lakini sababu yake hakuieleza. Giaboksi ile ilikuwa imekwisha kabla. Sahani zake zilikuwa zimeliwa, na lile vumbi jeusi ndani ya oili lilikuwa likizisaidia kushikana kidogo, kama mchanga unavyosaidia mguu katika njia yenye utelezi. Oili mpya ikaondoa vumbi, na ugonjwa ukaonekana. Tena huenda uchafu uliokuwa umeganda uling'oka ukaziba vijia vyembamba. Kubadilisha oili hakukuleta ugonjwa, kulifunua ugonjwa.

Yule aliyesema "Imwage yote leo" naye alisema nusu ya kweli. Oili iliyoungua haifai kuachwa. Lakini katika giaboksi iliyokwenda safari nyingi, haifai kuisukuma yote itoke mara moja kwa mashine. Ni afadhali kubadilisha kidogo kidogo.

Na mwenye chupa ya dawa? Sahani iliyoliwa ni sahani iliyoliwa. Hakuna maji ya chupa yatakayoiotesha upya.

Kwa hiyo shauri hutegemea hali. Hali ni tatu.

Hali ya kwanza: oili imezeeka, lakini gia zote huingia vizuri. Badilisha, usingoje.

Hali ya pili: oili imeungua, lakini gia bado hushika. Mwambie fundi ashushe sampu, yaani bakuli la chuma lililo chini ya giaboksi, mtazame ndani pamoja. Mna sumaku humo. Ikiwa na tope laini la kijivu, hilo ni la kawaida kwa motokaa ya umri huo. Ikiwa na vipande vya chuma, au magamba meusi yaliyobanduka katika sahani, giaboksi inaelekea mwisho. Kama hakuna vipande, safisha sampu na sumaku, badilisha filta na gasketi, tia oili mpya kwa hatua. Iwepo hatari kidogo bado, nanyi mpatane mapema na fundi, ili pasiwe na ugomvi baadaye.

Hali ya tatu: gia zinateleza. Pima kwanza kiasi cha oili, maana oili ikipungua gia huteleza pia. Ikiwa kiasi ni sawa na bado zinateleza, usitupe fedha katika oili peke yake. Weka fedha hizo kwa kufungua na kutengeneza giaboksi, au kwa kununua nyingine iliyotumika lakini nzima.

HESABU YA LITA

Twaeni penseli. Tuseme giaboksi huchukua lita 8. Ukifungua kizibo, hazitoki zote. Nyingine hubaki ndani ya tokikonveta. Tuseme zinatoka lita 4.

Mara ya kwanza: zimetoka 4, umetia 4 mpya. Ndani mna lita 4 za zamani na 4 mpya.

Endesha kilomita mia chache, oili ichanganyike. Mara ya pili: zinatoka lita 4 za mchanganyiko. Nusu yake, yaani lita 2, ni za zamani. Basi zimebaki 2 za zamani na 6 mpya.

Mara ya tatu: imebaki lita 1 ya zamani na 7 mpya.

Umetumia lita 12 kwa jumla, na giaboksi imezoea polepole. Kila mara pima oili iliyotoka katika debe lenye alama, ndipo utie kiasi kile kile.

SOMA CHUPA KABLA YA KUFUNGUA

Hili ndilo jambo kubwa la leo. Oili zote za giaboksi hazifanani, hata zikiwa za rangi moja. Herufi ATF katika chupa zina maana ya oili ya giaboksi ya otomatiki. Lakini ATF ni za namna nyingi. Toyota peke yake ina iitwayo T-IV na iitwayo WS, nazo si kitu kimoja. Herufi CVT zina maana ya giaboksi ya namna nyingine, ambayo kwa kawaida ina mkanda wa chuma badala ya gia za kawaida. Ukitia ATF ya kawaida katika giaboksi ya CVT, mkanda utateleza na kukwaruzika, na giaboksi itaharibika.

Kwa hiyo linganisha maneno matatu: yaliyo kwenye kitabu, yaliyo kwenye kijiti kama yapo, na yaliyo kwenye chupa. Yakipatana, fungua chupa. Yasipopatana, rudisha chupa dukani. Usione haya kusimama na kusoma herufi moja moja mbele ya muuzaji. Ni mali yako.

MAMBO YA HADHARI

Usiingie chini ya motokaa iliyoinuliwa kwa jeki tu. Weka vigingi madhubuti vya chuma, uzuie na magurudumu.

Oili yenye moto huunguza ngozi. Ngoja ipungue joto kabla ya kuimwaga.

Oili iliyotoka usiimwage chini, mtaroni, wala karibu na kisima. Itie katika dumu, uipeleke gereji inayokusanya oili chafu. Kisha nawa mikono kwa sabuni.

Motokaa ya otomatiki ikikwama, usiivute kwa kamba safari ndefu huku magurudumu yanayoendeshwa na injini yakizunguka chini. Injini ikizimwa pampu haifanyi kazi, na vyuma husagana vikavu. Afadhali ipakiwe juu ya gari la kuvutia.

DEREVA WETU ALIFANYAJE?

Tumfikirie tena dereva wetu, safari hii akiwa amelisoma somo hili. Jambo la kwanza, alimweleza mwenye motokaa siku ile ile. Hilo lilikuwa gumu, maana aliogopa kunyang'anywa kazi. Lakini angenyamaza, angelaumiwa kwa giaboksi nzima badala ya oili.

Walipima pamoja. Oili ilikuwa nyeusi, inanuka, na imeshuka chini ya alama. Fundi alitafuta, akaona bomba la kwenda kwenye rejeta linavuja. Kumbe oili ilikuwa ikipungua siku nyingi, na mpando wa Lushoto ulimaliza kazi. Walishusha sampu: tope lilikuwamo, vipande vya chuma havikuwamo. Wakatengeneza bomba, wakabadilisha filta, wakatia oili kwa hatua tatu. Motokaa iliacha kukawia. Hata hivyo dereva na mwenyewe walipatana kuweka akiba kidogo kila juma kwa ajili ya giaboksi, kwa kuwa chuma cha kilomita 280,000 si chuma kipya. Na siku hizi dereva akipanda mlima mrefu hupunguza mzigo, huweka mkono wa gia kwenye 2 ili gia zisibadilike ovyo, na akifika juu huipumzisha motokaa.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Taja kazi nne za oili katika giaboksi ya otomatiki.
2. Oili ya rangi ya waridi yenye weupe yatuambia nini?
3. Giaboksi huchukua lita 6, na kila mara hutoka lita 3. Baada ya kubadilisha mara mbili, oili ya zamani iliyobaki ni lita ngapi?
4. Je, dereva alifanya vema kumwambia mwenye motokaa? Wewe ungefanyaje?

MANENO YA KUANDIKA MARA TATU

giaboksi, sampu, filta, sumaku, rejeta, HOT, COOL, ATF, CVT

Kazi ya nyumbani: nenda kwa dereva au fundi unayemjua, umwombe akuonyeshe chupa ya oili. Andika herufi zote kubwa unazoziona, uzilete darasani.

Haya ndugu, somo limekwisha. Mwalimu atawasaidia palipo pagumu. Kwa herini, mpaka juma lijalo.